Bei Huwekwa na Mtu wa Pili

Mh! Mkate wa kuchoma na jibini, umeng'atwa pembeni, umekaa miaka 10 kando ya kitanda, halafu unauzwa dola 28,000. Jamani! Habari yenyewe ni ya Novemba 2004, lakini kijiweni kwetu Magomeni iliingia wiki hii kama ya jana, na kahawa ikapoa vikombeni. Mama mmoja wa Florida, Marekani, alipouma mkate wake aliona sura ya Bikira Maria imejichora pale palipoungua. Akaacha kula. Akauweka kwenye kisanduku cha plastiki na vipande vya pamba, akaishi nao, na mwisho akaunadi kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay. Wenye mnada waliuondoa kwanza wakidhani ni mzaha, kisha wakaurudisha. Aliyeuchukua ni kasino ya mtandaoni iitwayo GoldenPalace.com.

Kijiwe kizima kilisonya. Dereva wa bajaji akasema hao watu wana hela za kuchezea. Muuza kahawa akasema dunia imekwisha. Mwalimu wetu mstaafu alinyamaza kidogo, akauliza: "Na mwingine aliyekuwa anautaka ni nani?"

Hapo ndipo penye kiini, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Tunapomcheka mnunuzi wa kitu cha ajabu tunasahau kwamba mnadani hakuna anayelipa bei yake mwenyewe. Kama wote waliosalia wangekomea dola 200, kasino ile ingeondoka na mkate kwa dola mia mbili na kitu. Fedha zote zile zilipandishwa na watu ambao hawakupata hata chembe ya mkate.

Wengi hapa wanadhani mnada wa mtandaoni ni kama mnada wa ng'ombe wa Pugu, kwamba mwenye kifua kipana ndiye anayeshinda. Hapana. Kwenye eBay unaandika kikomo chako mara moja, kwa siri, na mashine inakupandishia dau kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mwenzako tu. Chukua mfano wa birika la chai lenye umbo la tembo. Wewe umeandika dola 60, mwenzako kaandika 41. Hulipi 60. Utalipa 42, kwa kuwa kwenye bei za kiwango hicho dau hupanda dola moja moja. Zile 18 zako zinabaki mfukoni na hakuna anayejua kwamba ulikuwa tayari kuzitoa. Aliyekuamulia bei ni yule wa 41. Asingekuwepo, ungelibeba birika lako kwa bei ya kuanzia, hata kama ni senti 99.

Wala utaratibu huu haukuzaliwa na kompyuta. Wauza stempu wa Marekani walikuwa wakiutumia kwa njia ya posta tangu 1893, mshindi akilipa bei ya aliyemfuatia na nyongeza kidogo. Mchumi William Vickrey aliufanyia hesabu mwaka 1961, akaonyesha kwamba katika mnada wa namna hii mtu hana faida yoyote ya kuficha thamani ya kweli ya kitu moyoni mwake. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi, na kazi yake juu ya minada ilikuwa miongoni mwa sababu. Akafariki siku tatu baada ya kutangazwa.

Tangu mwanzo wake kabisa mnada wa eBay ulijengwa juu ya watu wawili wanaotaka kitu ambacho dunia nzima imekitupa. Pierre Omidyar, kijana wa wazazi Wairani aliyezaliwa Paris, aliufungua Septemba 1995 akiwa California, akauita AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa chake mwenyewe: kijitochi cha leza kilichoharibika. Kikanunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar amesimulia kwamba alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kitu hakiwaki, akajibiwa kwamba ndicho anachokusanya, vijitochi vya leza vilivyokufa. Ukikiweka kitu kama hicho barazani hapa, kitakaa mpaka watoto wakichukue wakachezee. Mtaa mmoja hauna watu wawili wa namna hiyo. Intaneti inao, mmoja Kanada na mwingine sijui wapi, na kazi yote ya mnada ni kuwakutanisha.

Lakini mkifika hapo, fungueni macho, maana mtu wa pili akishakuwa ndiye mwenye bei, kuna watu watamtengeneza.

Minadani kwetu tunawajua. Wamesimama katikati ya umati, wanataja bei kwa sauti ya mtu mwenye haraka, na jioni wanagawana na muuzaji nyuma ya turubai. Mtandaoni ni hao hao, wamevaa majina mengine. Hata hizi nguo za mitumba zinazonadiwa mubashara kwenye Instagram na TikTok, yule anayeandika "nichukulie, naongeza elfu mbili" unamjua? eBay imeupiga marufuku mchezo huo na imeweka dirisha la kuchungulia: ukifungua historia ya madau ya kitu, majina yamefichwa, lakini unaweza kuona mshindani wako amepeleka asilimia ngapi ya madau yake kwa muuzaji huyo huyo. Ukikuta mtu ambaye karibu madau yake yote ni ya duka moja, na hajawahi kushinda hata mara moja, funga simu ukalale. Umeepuka mkenge.

Na kuna mtu wa pili wa kubuni kabisa, anayetaja bei asiyokusudia kuilipa. Mwaka 1999 mtu wa Florida aliweka figo ya binadamu mnadani, bei ya kuanzia dola 25,000. Madau yalipanda mpaka dola milioni 5.7 kabla eBay haijaiondoa. Biashara ya viungo ni kosa la jinai Marekani. Fikiria wagonjwa halisi waliokuwa wakisubiri figo mwaka ule wakiyaona magazeti yale. Mimi sioni cha kuchekesha hapo hata kidogo.

Hata eBay wenyewe walijiuza kwa hadithi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Omidyar aliuanzisha mnada ili mchumba wake apate pa kubadilishana vikasha vya peremende za PEZ. Hadithi tamu, ina mapenzi ndani yake, na magazeti yaliipenda. Ilitungwa na afisa mawasiliano wa kampuni aliyekuwa anatafuta waandishi wa kuiandika. Mwaka 2002 ikawekwa wazi kwamba ni ya kutunga. Kuna wanaosema ni uongo mdogo. Mimi nasema soko linalotegemea maelezo ya muuzaji ambaye hujawahi kumwona uso halipaswi kuwa na uongo mdogo.

Maana maelezo ndiyo mali. Watu wawili, Rob Walker na Joshua Glenn, walilijaribu hilo mwaka 2009. Walikusanya takataka 100 kutoka maduka ya vitu vikuukuu na minada ya uani, zote pamoja kwa dola 128.74. Kisha wakawapa waandishi wa hadithi, kila mwandishi kitu chake, akitungie kisa. Wakaviweka eBay kimoja kimoja, kisa chini ya picha, na jina la mtunzi likionekana wazi ili asidanganywe mtu. Mauzo yakafika dola 3,612.51. Someni tena tarakimu hizo. Wanunuzi walijua kwamba visa vile havikutokea, na bado walishindania vikombe vya ukumbusho na sanamu za plastiki. Jambo hili linanipa furaha kubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba uongo hauhitajiki hata pale ambapo ubunifu ndio unaouzwa.

Upande wa pili wa shilingi ni vile vikaragosi vya Beanie Babies. Vitambaa vilivyojazwa punje za plastiki, dola tano hivi dukani. Mtengenezaji, Ty Warner, alikuwa akitangaza kwamba aina fulani imestaafishwa, na siku hiyo hiyo bei ya aina hiyo ilikuwa ikiruka mnadani. Watu walijaza vyumba. Mwaka 1999, mahakamani Las Vegas, mume na mke waliotalikiana walichuchumaa sakafuni wakigawana vikaragosi kimoja kimoja mbele ya hakimu. Muda si mrefu bei zikaporomoka. Vikaragosi havikuchakaa, vilibaki vile vile na lebo zao masikioni. Waliokuwa wakivitaka ndio walioondoka, kila mmoja akabaki na sanduku lake.

Kuhusu kuvizia dakika za mwisho nitasema kwa kifupi, maana vijana wa kijiweni wanalipenda sana jambo hili kuliko linavyostahili. Mnada wa eBay hufungwa kwa saa iliyotajwa, hata sekunde moja haiongezwi, kwa hiyo wapo wanaokaa kimya siku saba na kutupa dau zikibaki sekunde tano. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha na minada ya Amazon ya wakati ule, ambayo haikufungwa mpaka dakika kumi zipite bila dau jipya, wakakuta uviziaji ulikuwa mwingi zaidi eBay. Saa ndiyo inayowafundisha watu tabia. Andika kikomo chako cha kweli, uende kazini. Ukishindwa kwa dola moja usisononeke, hujui yule mwingine alikuwa tayari kwenda hadi wapi.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Sisi tunacheka mikate ya Florida na huku tumekalia vitu ambavyo watu wa mbali wanavikeshea.

Mzee mmoja wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kijiweni, alituletea kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu za baba yake. Nyingi zilikuwa zile za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, ambazo bibi zetu walizitunga kwenye kamba. Upande mmoja taji, upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu. Tukazigeuza moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. Ya senti 10, ya mwaka 1936, ikakutwa na jina la Edward VIII.

Huyu mfalme hakumaliza mwaka. Aliingia Januari 1936, akajiuzulu Desemba mwaka huo huo ili amwoe mwanamke aliyempenda, na Uingereza kwenyewe haikuwahi kutoa sarafu ya kutumika madukani yenye sura yake. Zilizotoka kwa jina lake nyingi ni za makoloni machache, na zilitoka kwa sababu zilikuwa na tundu: hazihitaji sura, zinahitaji jina tu. Kwa hiyo sarafu ya mfalme ambaye kwao hana sarafu ilikuwa ikinunulia karanga na sukari huku kwetu. Mzee alisikiliza hadithi hiyo amefumba macho, akauliza: "Basi inafika shilingi ngapi, wanangu?"

Ikabidi aambiwe kweli. Dola chache. Zilitengenezwa nyingi mno, na kila anayeikusanya ameshaipata yake. Hadithi ni ya ajabu lakini watu wa pili wameshashiba. Kijana mmoja alitaka iandikwe kwenye tangazo kwamba ni adimu kuliko zote duniani, mwalimu akamkatalia palepale, na alifanya sawa.

Tofauti kabisa na ile ya Tabora. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeziba bahari, Wajerumani walikosa fedha za kuendeshea koloni lao, wakaanza kutengeneza sarafu kwenye karakana ya reli pale Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Rupia 15, kidogo zaidi ya gramu saba, upande mmoja tai wa Kaizari, upande mwingine tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Zilitoka elfu 16 na kitu tu. Leo zinanadiwa kwa maelfu ya dola, na wanaozishindania wanatazama jambo ambalo wewe na mimi tungelipita: lile pambo la majani upande wa tai, ncha yake ya kulia inaishia chini ya herufi A au chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA? Aina moja ni chache kuliko nyingine. Unywele huo mmoja unahamisha bei. Na kwa kuwa unahamisha bei, bandia zimejaa. Kama huna mizani ya sonara na mtu anayezijua, usitoe senti yako.

Stempu za Zanzibar nazo ni burudani ya peke yake. Mwaka 1895 zilichukuliwa stempu za India zikapigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake. Mpanga herufi akakosea kwenye baadhi, zikatoka "Zanzidar". Kosa hilo la herufi moja lilifanya kipande cha karatasi kitafutwe kwa zaidi ya karne. Lakini angalieni upande wa pili wa jambo hilo hilo. Muuzaji wa leo akikosea tahajia ya tangazo lake, mtafutaji hamwoni. Anayeandika jina sahihi kwenye kisanduku cha utafutaji analipita tangazo hilo, washindani wanakuwa mmoja au hakuna, na kitu kinaondoka kwa bei ya bure. Kuna watu kazi yao ni hiyo, wanatafuta makosa ya tahajia ya wenzao usiku kucha. Muuzaji wa kwetu anayeandika tangazo kwa haraka ndani ya daladala anawapa zawadi.

Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo havitakiwi kuwa na mtu wa pili, wala wa kwanza. Hapa kijiwe kilipandishiana sauti. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliokufa. Roho ya mzee hukaa pale. Nguzo hizo zikang'olewa usiku, zikauzwa kwa watalii na wachuuzi, zikaingia kwenye maduka ya sanaa ya Marekani na majumba ya watu kama mapambo ya sebuleni. Makumbusho ya Denver ilikuta inazo 30, ikakubali kuzirudisha, na zikafika Kenya 2019. Mtu aliyenunua alilipa fedha halali kwenye duka lenye taa nzuri, na bado alinunua kaburi la mwenzake. Pembe za ndovu eBay iliziondoa kwenye mnada wake mwaka 2009, ilichelewa lakini ilifanya. Milango ya zamani ya Zanzibar, mifupa ya kale, vitu vya mizimu: bara na visiwani kuna sheria za mambo ya kale, na kabla ya sheria kuna heshima. Anayesema "kama nisiponunua mimi atanunua mwingine" amekwisha kujifanya yeye ndiye mtu wa pili, na ndiye aliyepandisha bei ya wizi.

Dereva wa bajaji alipinga kwamba mtu mwenye njaa hachagui. Ni hoja ya kweli na sikuipuuza. Lakini aliyeng'oa kigango alipata fedha ya siku mbili tatu, faida ikabaki ng'ambo. Tukitaka kuuza vya ajabu vipo tele ambavyo havimuumizi mtu: kanga za zamani zenye chapa ya kiwanda, mabango ya filamu za sinema za zamani, beji za mbio za mwenge, maboksi ya viberiti, kadi za posta za Bandari ya Salama ya zamani, santuri za taarabu zenye mikwaruzo. Vyote hivi tunawashia moto wa mkaa.

Basi tukarudi kwenye kopo la mzee, maana mjukuu wake alikuwa tayari amekata ndimu na kuchota majivu azisugue zing'ae. Mchu! Fundi saa wa pale kijiweni alimshika mkono. Mkusanyaji wa sarafu anautaka ule ukungu wa kahawia uliokaa zaidi ya miaka 80, ukiusugua umefuta kile anacholipia, na sarafu iliyosuguliwa inatambulika hata kwenye picha. Ipanguse vumbi kwa kitambaa laini, iache. Piga picha asubuhi, mlangoni, bila mwanga wa tochi ya simu, upande wa taji, upande wa pembe, na ukingo wake. Ipime. Kasoro itangulie sifa.

Mjukuu akaketi kwenye benchi akaandika, na mzee akataka asomewe kila neno kabla halijatumwa: "Afrika Mashariki, senti 10, 1936, Edward VIII. Imechubuka kidogo ukingoni karibu na tarehe. Haijasafishwa. Ilikuwa ya baba yangu, mpagazi wa bandarini Dar es Salaam. Bei ya kuanzia dola moja."